Nyumba Ndogo Haisubiri Jumamosi



Katika kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuna jibu moja tunalolisikia kuliko mengine yote. Mhamasishaji akiuliza kwa nini vyombo vya jana bado viko chini, au kwa nini mablanketi yamelundikana juu ya gunia la unga, mama mwenye nyumba humjibu: "Mwanangu, tuko watu wanane katika chumba kimoja. Nipange nini, nikiweke wapi? Nitafanya usafi Jumamosi." Jibu hilo si la uvivu. Mama huyo ameamka alfajiri kupanga madumu kwenye foleni ya bomba, kisha akaenda kutafuta kuni, na mtoto yuko mgongoni. Sisi tunaopita na madaftari tunaishi katika nyumba hizo hizo za udongo na turubai. Mimi nilizaliwa hapa hapa Nyarugusu, miaka michache baada ya kambi kufunguliwa mwaka 1996, na hadi leo kwetu tunalala, tunahifadhi posho na siku za mvua tunapika chini ya paa moja.

Pamoja na hayo, Jumamosi ni mbali mno, nanyi mtaona sababu.

Nzi wa kawaida akitaga mayai kwenye maganda ya ndizi au kwenye kinyesi cha mtoto kilichoachwa nyuma ya nyumba, mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Funza wake hula na kukua kwa siku chache, kisha hujifunika gamba, na katika hali ya joto kama ya kwetu nzi mpya anaweza kuruka baada ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo anayeondoa taka mara moja kwa juma anapambana na nzi ambao tayari wameshazaliwa. Anayeziondoa kila siku, au kila baada ya siku mbili, huwakuta wangali funza na kuwafukia shimoni. Panya naye hahesabu majuma. Mimba yake ni ya wiki tatu hivi, na kila pembe yenye lundo la nguo kuukuu kwake ni hospitali ya kuzalia.

Kuna sababu nyingine ambayo haihusu wadudu. Chumba kikubwa kinaweza kuvumilia fujo ya siku sita, lakini chumba chetu hakiwezi. Ukiacha sufuria moja katikati, mtu hana pa kukanyaga, naye anaisogeza juu ya kitanda; kitanda kikijaa, vitu vinahamia juu ya gunia; na ikifika Jumatano hakuna anayejua kiberiti kiko wapi. Jumamosi inapofika kazi imekuwa ya nusu siku, na nusu siku hiyo mama hana. Ndipo inaahirishwa hadi Jumamosi nyingine.

Tunachopendekeza ni kazi fupi fupi, kila moja ikiwa imefungwa kwenye jambo ambalo unalifanya kila siku hata bila kukumbushwa. Kila siku unaamka, unateka maji, unakula na kufunga mlango. Kazi ikishikamanishwa na mojawapo ya hayo haihitaji saa wala ratiba ya ukutani.

Tuanze na kuamka. Kila anayeamka, hata mtoto wa miaka sita, akunje blanketi lake na kuviringisha mkeka wake kabla ya kutoka nje. Asiuache kwa mama. Kama jua lipo, mablanketi na mikeka vitoke kwenye kamba. Jua hukausha jasho na mkojo wa watoto, na unapokung'uta mkeka unaona kama kunguni wameingia, maana hujificha kwenye mishono na kwenye nyufa za fito za kitanda. (Jua peke yake haliwamalizi. Ukiwaona, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa za kitanda, nguo za kulalia zichemshwe, na useme mapema, kwa sababu hawaishii nyumba moja.) Chandarua kikunjwe na kufungwa juu, kisiburuzwe chini, kwani kikichanika kimekwisha kazi. Chungu cha mtoto kipelekwe chooni saa ile ile, na anayekipeleka anawe mikono kwa sabuni au kwa majivu. Wako wanaodhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina madhara sawa na cha mtu mzima.

Kisha ufagio. Usifagie sakafu ya udongo ikiwa kavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza, hata yale yaliyonawiwa uso, ndipo ufagie. Vumbi likitulia, mtoto mwenye kikohozi atapata nafuu, lakini zaidi ya hilo ni habari ya funza wa miguuni. Wengi wetu tunadhani funza huja na uchafu wa mwili. Kiroboto yule huanza maisha yake mavumbini: jike akiisha kuingia chini ya ngozi, mayai yake huanguka chini, na vifunza hukulia kwenye vumbi kavu la sakafu na la uwanja, hata baada ya wiki tatu hivi wanakuwa viroboto kamili wanaotafuta mguu wa kuingia. Sakafu iliyosiribwa kwa udongo laini na kunyunyizwa kila siku haiwapi vumbi hilo. Mtoto mwenye funza hukaa pembeni darasani kwa aibu, na asiyeweza kukimbia na wenzake hatimaye huacha kwenda shule. Tumewaona watoto wa namna hiyo, na ilikuwa kazi ya ufagio na kikombe kimoja cha maji. Nyufa za sakafu zizibwe mara zinapoonekana. Konzi moja ya udongo inatosha ufa mmoja leo, lakini baada ya mwezi utahitaji ndoo nzima.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Maji ya bomba yametiwa dawa ya klorini kabla ya kukufikia. Dawa ile haikomi kwenye bomba, bali inatakiwa iendelee kulinda maji ndani ya dumu lako mpaka yanywewe. Lakini dumu likiwa na utelezi wa kijani ndani, dawa yote hutumika kupambana na utelezi huo, na maji yanabaki bila mlinzi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuteka kwenye bomba moja, saa moja, na mmoja akaharisha. Kila unapokwenda bombani, kabla ya kujaza, tia ndani ya dumu maji kidogo na konzi ya changarawe safi au mchanga, funga, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza. Kazi hiyo inamalizika kabla jirani yako kwenye foleni hajamaliza kusimulia habari zake. Nyumbani, dumu la maji ya kunywa liwe na kifuniko, na liwe mbali na lile la kuoshea. Kama unahifadhi kwenye ndoo, tumia kikombe chenye mkono kilichotundikwa msumarini, si kikombe kilichoachwa sakafuni na kila mkono ukitumbukia.

Wapo watakaosema maneno ya kipindupindu ni ya zamani. Wazee waliopita Goma mwezi Julai 1994 hawatasema hivyo. Mwezi ule mmoja watu wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Na si Goma peke yake. Mwezi Mei 2015, ndugu zetu kutoka Burundi walikusanyika kwa makumi ya maelfu katika kijiji kidogo cha Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha. Wagonjwa walifikia wapatao 3,000, na watu wapatao 30 walipoteza maisha kabla ugonjwa haujazuiwa. Wengi wa waliopona walikuja kukaa hapa, na baadhi ya wanaosoma ukurasa huu walikuwako.

Jambo la tatu ni kula. Kanuni ni fupi: asiondoke mtu kwenye chakula akiwa ameacha sahani yake chini. Vyombo vioshwe mara baada ya kula, wakati ugali haujakauka, kwani ugali uliokauka unataka maji mara mbili na ugomvi mara tatu. Sabuni ikiisha, na sote tunajua kwamba huisha kabla ya mwezi, majivu safi ya kuni yanasugua vizuri sana. Vikiisha kuoshwa vipande kichanjani vikaukie juani. Kichanja ni fito nne za nguzo na vijiti vya juu, kimo cha kiuno, ili kuku na mbwa wasifikie. Nimewahi kuambiwa kwamba kichanja ni mambo ya kujionyesha kwa wageni wa shirika. Kwa hakika wazazi wetu huko Fizi na Uvira walikuwa na vichanja kabla ya shirika lolote kufika, na bibi yangu, kama mama anavyosimulia, alikuwa akimhukumu mchumba wa mwanawe kwa kuangalia kichanja cha nyumba aliyotoka.

Posho. Miaka hii mgao umekuwa ukipunguzwa, na kila kilo inayoliwa na panya imetoka kwenye sahani ya mtoto. Gunia lisikae chini na lisiegemee ukuta. Weka mawe manne, juu yake fito, juu yake gunia, na uache nafasi ya shubiri moja kati yake na ukuta, kwa kuwa panya hupenda kutembea akiwa amebanwa na ukuta na hapendi kupita mahali pa wazi. Kila unapochota unga, funga mdomo wa gunia tena kwa kamba na kufuta uliomwagika. Kazi hiyo ni ya pumzi mbili. Ukiisha kuisahau mara tatu, wenyeji wapya wamehamia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawalihesabu kuwa usafi, nalo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kuandika.

Mwaka 2013, msimu wa mvua, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, karatasi za familia yetu zilikuwa zinakaa chini ya godoro. Siku nyingine zilikuwa ndani ya Biblia, siku nyingine juu ya ukuta pale turubai linapokutana na fito. Baba alikuwa anasema, "Zipo, nazijua zilipo." Usiku mmoja turubai lilipasuka kwa upepo, na maji yakaingia upande huo. Asubuhi kadi ya mgao ilikuwa kama ugali, na karatasi ya uandikishaji yenye majina yetu ilikuwa imebaki wino wa bluu tu. Ilikuwa siku mbili kabla ya mgao. Baba alikwenda ofisini, akarudishwa alete uthibitisho. Akaenda kwa kiongozi wa kijiji kuandikiwa barua. Akarudi, akaambiwa asubiri zamu. Mwezi ule tulikula kwa majirani, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, mpaka tulipopata kadi nyingine. Sikumbuki njaa sana. Nakumbuka mama akikataa kuingia kwa jirani na kutusubiri nje, akisema ameshiba.

Baada ya hapo mama alishona mfuko. Alichukua kipande cha turubai kuukuu, akakikunja mara mbili, akashona pembeni kwa uzi wa gunia, akatia kamba, akautundika kwenye msumari karibu na mlango, juu kiasi ambacho mtoto hafiki. Ndani ya mfuko huo mna kadi ya mgao, karatasi za uandikishaji, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki za watoto, na karatasi yoyote ya miadi ya hospitali au ya mahojiano. Hamna kitu kingine. Sharti lake ni moja, nalo ni la kila siku: karatasi ikitoka, irudi siku hiyo hiyo, kabla aliyeitumia hajakaa chini. Ukirudi kliniki, mfuko kwanza, halafu maji ya kunywa. Tangu mwaka ule hatujapoteza hata kipande. Na kwa nini karibu na mlango? Kwa sababu moto ukitokea, anayekimbia anaupita njiani na hahitaji kurudi ndani. Nimeona kwa macho yangu mtu akirudi ndani ya nyumba inayoungua kutafuta karatasi. Alitoka, lakini mikono yake si ile tena.

Kama una mkoba wa plastiki usiopitisha maji, ni vema zaidi. Kama huna, kipande cha turubai kinatosha.

Hivyo tumefika jioni, na moto. Nyumba zetu zimekaribiana, na paa la nyasi au la turubai linashika kwa cheche moja. Jambo la mwisho kabla ya kufunga mlango liwe kuzunguka kidogo: makaa yamefunikwa kwa majivu au yamezimwa kwa maji, kibatari, kama bado unakitumia, kimezimwa na kiko mbali na chandarua, kuni za kesho hazikuegemezwa jikoni. Kiberiti kiwe na mahali pamoja, juu. Mafuta ya taa yasikae katika chupa ya soda hata kwa usiku mmoja, kwa sababu mtoto mwenye kiu haulizi. Ikitokea amekunywa, msimtapishe. Mbebeni mara moja hadi zahanati. Kisha angalia njia kutoka kitandani hadi mlangoni. Mama mjamzito na mzee wataamka usiku kwenda nje, na jembe lililolala mlangoni limewahi kumvunja mtu mguu.

Kopo na tairi zilizoshika maji ya mvua zimwagwe ukiwa njiani kurudi kutoka bombani au chooni. Mbu hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja au mbili, kwa hiyo hesabu yake ni kama ile ya nzi.

Niseme neno kuhusu nani afanye. Katika nyumba nyingi tunazopita, kazi zote nilizozitaja zinafanywa na mtu mmoja, naye ni binti wa miaka kumi na miwili. Anafagia, anateka, anaosha, na kengele ya shule inalia akiwa bado na sufuria mkononi. Kaka yake amekwishafika darasani. Baba yuko kwenye drafti chini ya mwembe, na mchezo wa drafti hauna kengele. Simtukani baba yeyote. Baba aliyezoea kulima ekari zake na sasa hana pa kulima anabeba uzito wake. Lakini kukunja blanketi, kusuuza dumu na kuzima makaa si kazi zinazomwondolea mtu uanaume. Mzee mmoja wa kijiji chetu alinicheka nilipomwambia hivyo kikaoni. Miezi miwili baadaye mkewe alilazwa kwa uzazi mgumu, akabaki na watoto watano. Sasa dumu lake ndilo safi kuliko yote katika safu yao, naye ndiye anayewakagua majirani, kwa ukali kuliko sisi.

Gawaneni basi. Mkikaa jioni moja mnaweza kupatana: huyu mablanketi, huyu dumu, huyu taka, huyu makaa. Mtoto apewe jambo moja tu na aachiwe hilo hilo kwa mwezi mzima, asibadilishiwe kila siku, kwani linaloshika ni lile analolirudia. Na asichapwe akisahau. Aitwe arudi alifanye, hata kama ungelimaliza wewe kwa haraka zaidi.

Usianze na yote kesho. Tunaowaona wakianza na yote huacha yote ndani ya siku nne. Chagua moja. Kama hujui lipi, anza na mfuko wa karatasi usiku wa leo, kisha dumu kesho asubuhi. Hilo likizoeleka, baada ya wiki mbili au tatu, ongeza lingine. Siku utakayougua au kufiwa, acha. Utaendelea siku inayofuata, wala hakuna anayekuandika.

Kwa wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu na akina mama waliojifungua karibuni, msisubiri waombe. Jirani anayekwenda bombani achukue na dumu la bibi wa pembeni, na alisuuze. Pale ambapo hakuna jirani wa kufanya hivyo, mtaarifu kiongozi wa kijiji au sisi wahamasishaji, nasi tutapanga vijana. Vivyo hivyo kama choo chenu kimejaa, shimo la taka limefurika au turubai limepasuka: tuambieni asubuhi kabla ya saa mbili, kabla hatujaanza mzunguko, ili jina la nyumba liingie katika orodha ya siku hiyo. Wanaotaka kuonyeshwa jinsi ya kushona mfuko, waje na kipande cha turubai na uzi. Sindano ya gunia ninayo mimi.